Muulize Opereta: Tazameni Pembeni mwa Picha

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, picha za vita. Nadhani ni kwa sababu banda moja la video huko Makorora limeonyesha Waterloo juma zima. Nimezisoma zote na kuchagua nne. Ya mwisho nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, maana inahusu mji wangu.

Shikamoo Mzee. Mimi ni fundi baiskeli, Makorora. Juzi tumeangalia Waterloo, vita vya Napoleon na Waingereza. Kuna pahala kamera iko juu angani, chini watu wamejipanga mraba mraba, farasi wanawazunguka kama maji ya mafuriko. Vijana wawili wamebishana mpaka kushikana mashati. Mmoja anasema wale watu wamechorwa kwa kompyuta, mwenziwe anasema ni watu kweli. DJ akasema ni midoli. Dau ni kreti moja ya soda. Nani anakunywa?

Marahaba fundi. Mpeni soda yule aliyesema ni watu. Picha ile ilipigwa mwaka 1969 ikatoka 1970, na wakati huo hapakuwa na kompyuta ya kuchora hata farasi mmoja akikimbia. Mwongozaji alikuwa Sergei Bondarchuk wa Umoja wa Kisovieti, na aliyetafuta fedha ni Mwitaliano Dino De Laurentiis. Jeshi la Kisovieti liliwapa askari wapatao 15,000 na wapanda farasi wapatao 2,000. Askari wale walifundishwa kutembea, kugeuka na kushika bunduki kama watu wa 1815, wakavishwa sare za Wafaransa, Waingereza na Waprusi. Wale unaowaona wakikimbia si midoli. Ni vijana wa jeshi waliotoka kambini kwao, wakala uji asubuhi, wakaenda kufa mara tano sita kwa siku mbele ya kamera.

Nieleze kidogo kwa nini napenda sana jambo hili. Nilikuwa opereta wa sinema hapa Tanga enzi za rili, zilizokuja ndani ya makopo ya bati ya duara. Rili moja ilikwenda kama dakika 20, na chumbani mlikuwa na mashine mbili. Ili watu wa ukumbini wasijue kwamba rili imekwisha, opereta alikodolea macho kona ya juu, kulia. Hapo hutokea alama ndogo ya duara, sekunde nane hivi kabla ya mwisho, ukaiwasha mota ya mashine ya pili. Ikitokea alama ya pili, unabadilisha papo hapo. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na miluzi inaanza kule mbele. Kwa miaka kumi na mitatu, basi, macho yangu yalikaa pembeni mwa picha, hayakukaa kwa stelingi. Rod Steiger aliyeigiza Napoleon, na Christopher Plummer aliyekuwa Wellington, jenerali wa Waingereza, niliwasikia zaidi kuliko nilivyowaona. Niliowaona ni wale wa pembeni.

Na pembeni mwa Waterloo kuna mambo. Inasimuliwa kwamba farasi wale walipokuwa wakija kwa kasi, askari waliojipanga mraba waliingiwa na hofu ya kweli wakavunja safu, ingawa walijua ni maigizo na ingawa panga hazikuwa za kuwakata. Sasa fikiria wale wa 18 Juni 1815, ambao panga zilikuwa za kuwakata hasa, na miraba yao haikuvunjika. Tangu nilipolisikia hilo, kila nikiiona sehemu ile natafuta mabega ya wale vijana. Bega haliwezi kuigiza.

Halafu tazama ardhi. Vita vyenyewe vilipigwa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, lakini picha ilipigwa Ukraine, karibu na mji wa Uzhhorod. Wakasawazisha vilima viwili, wakachonga barabara za kilomita 8, wakahamishia miti 5,000, wakapanda mashamba ya nafaka na maua ya porini, na wakafukia mabomba ya maji ya kilomita kama 10 ili wapate tope. Tope lina nini mpaka lifukiwe mabomba? Usiku wa kuamkia vita mvua ilikuwa imenyesha sana, na Napoleon alingoja mpaka karibu na adhuhuri ardhi ikauke, mizinga yake iweze kuvutwa. Saa zile alizongoja ndizo zilizowapa Waprusi, Wajerumani wa Jemadari Blücher waliokuwa marafiki wa Waingereza, nafasi ya kufika mchana wakaongeza nguvu upande wa Wellington. Mtu asiyetengeneza tope hawezi kukuonyesha kwa nini Napoleon alishindwa. Picha ilikula fedha nyingi na haikuzirudisha, lakini kwa tope lile peke yake mimi naiheshimu.

Mzee, hivi ni kweli Wajerumani waliwafundisha nyuki wa Tanga kuwauma Waingereza mwaka 1914? Babu yangu alikuwa akisema hivyo. — Msomaji, Duga

Nyuki walikuwapo na waliuma kweli, siku Waingereza walipotaka kuuteka mji huu mikononi mwa Wajerumani. Mizinga ya nyuki ilitundikwa mitini katika mashamba yaliyoko kati ya Raskazone na mji, kama wafugaji wetu wanavyofanya hadi leo. Risasi zilipopita kwenye matawi, nyuki wakatoka kwa hasira wakamvamia kila aliyekuwa chini. Walioumia zaidi ni askari wa Kihindi wa kikosi cha 98, lakini upande wa Wajerumani nao waliumwa. Baadaye wapo Waingereza walioamini kwamba ulikuwa mtego uliotegwa makusudi. Haukuwa. Babu yako alikuwa anarudia maneno ambayo wakubwa wa vita wenyewe waliyasema, kwa hiyo usimwone alikuwa mtunga hadithi.

Mzee, nakuamkia. Nina wanangu wawili wa kiume, wa miaka 10 na 13, wanapenda picha za vita vya zamani. Nilikaa nao wakaangalia ile iitwayo Zulu. Wazungu wachache wamejifungia, Waafrika maelfu wanakuja na mikuki, wanaanguka kama nyasi. Mdogo akaniuliza, “Mama, sisi ndio wale wanaoanguka?” Nikakosa la kusema. Niwakataze? — Mama, Chumbageni

Mwanangu, swali la mwanao mdogo nimelala nalo siku mbili. Usiwakataze. Wataziona kwa jirani, tena bila wewe kuwapo. Kaa nao uwasimulie yaliyo nje ya picha.

Picha ile ya mwaka 1964 inahusu Rorke's Drift, Afrika Kusini, tarehe 22 na 23 Januari 1879, ambapo Waingereza wapatao 150 walijihami dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Lakini mchana uleule wa tarehe 22, mahali paitwapo Isandlwana, jeshi la Wazulu la watu wapatao 20,000 lilikuwa limeipiga kambi ya Waingereza, na upande wa Waingereza walikufa zaidi ya watu 1,300. Picha inaanza pale Isandlwana ilipokwisha malizika. Maiti na moshi tu, halafu inaondoka. Ushindi wenyewe hauonyeshwi. Waambie wanao pia kwamba Waingereza walivuka mpaka na kuingia nchi ya Wazulu tarehe 11 mwezi uleule. Wale wa Isandlwana walikuwa wakipigana kwao. Na ile sehemu ya mwisho Wazulu wanaposimama mlimani kuwaimbia Waingereza kwa heshima imebuniwa. Wazulu waliondoka baada ya kukesha wakipigana, na jeshi jingine la Waingereza lilikuwa linakaribia.

Lipo jambo moja ambalo wanao watalipenda. Mfalme Cetshwayo mle ndani ameigizwa na Mangosuthu Buthelezi, ambaye mama yake, Binti Mfalme Magogo, alikuwa mjukuu wa Cetshwayo. Mfalme ameigizwa na kitukuu chake. Irudisheni sehemu ile mkiiangalia tena. Anakaa mbele ya watu wake kwa utulivu wa mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya ukoo.

Mdogo akirudia swali lake, mwambie ndiyo, baadhi ya wanaoanguka ni jamaa zetu, na kila mmoja alikuwa na jina ambalo aliyetengeneza picha hakuliuliza.

Shikamoo Babu. Nasoma sanaa hapa Bagamoyo. Mimi na wenzangu tunataka kutengeneza picha ya Vita vya Tanga vya 1914. Tuko 60, tuna kamera mbili, droni ya kuazima na lori la mjomba wangu. Wengine wanatucheka, wanasema vita havipigwi na watu 60. Wengine wanasema tuachane na vita vya Wazungu, tumfanye Abushiri, maana ndiye wetu. Tushike lipi? — Mwanafunzi, Bagamoyo

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara nne, ya nne kwa sauti.

Abushiri bin Salim anastahili picha, tena kubwa. Alisimama mwaka 1888 pwani hii ilipochukuliwa na kampuni ya Kijerumani, na akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini hiyo iwe picha yake peke yake, mtakapokuwa na majahazi na mtu anayejua kuyaendesha. Kwa mlicho nacho sasa, anzeni na Tanga. Wala usiseme ni vita vya Wazungu. Nitakuja huko.

Kwanza hesabu. Waingereza waliwaleta watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, chini ya Jenerali Aitken. Waliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914, na mpaka wanafika mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba walikuwa wamekaa melini zaidi ya majuma mawili, wamebanana, wanatapika. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao hawakuwapo mjini meli zilipoonekana. Waliletwa kwa treni kutoka Moshi, karibu kilomita 350 za reli. Sasa wenzako wanasema watu 60 hawatoshi. Wamesahau kwamba vita hivi vilipigwa katika mashamba ya mpira na minazi na vichaka, ambamo mtu hakuweza kumwona wa tatu kutoka kwake. Uwanda wa Waterloo haupo hapa. Ukimpandisha mtu juu ya mnazi hapa Raskazone, hata wale 8,000 wangemponyoka machoni. Watu 20 wanaopita katikati ya miti, kamera ikiwa usawa wa kifua, ndicho alichokiona askari mwenyewe. Droni iacheni kwa ajili ya bahari na meli, basi. Huku shambani itawasaliti.

Tena mna msaada wa moshi. Kombania nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, za baruti inayotoa moshi mwingi mweupe. Kila ukipiga, adui anajua ulipo. Kwa askari ilikuwa taabu, kwenu ni neema. Moshi ule ni kweli ya historia, na utaficha kwamba nyuma ya watu 20 hakuna wengine 900. Sauti nayo msiipuuze. Bombom, ile bunduki ya rashasha, ikilia usiionyeshe. Waonyeshe watu wanaolala chini.

Sare msishone kwa kukisia. Askari wa Kijerumani alivaa kaki, vitambaa vya kufunga miguu kuanzia kifundoni mpaka magotini, na kofia ndefu ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Nimeona maigizo ya shule ambamo askari wa 1914 amevaa bereti, na roho yangu haikutulia mpaka mwisho.

Sasa sehemu ambazo, ningekuwa na kamera, nisingeziacha.

Tarehe 2, manowari ya Fox inaingia na kudai mji usalimishwe. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, anaomba muda, anarudi mjini, anavaa sare ya kijeshi. Waingereza wanahofu kwamba bandari imetegwa mabomu ya majini, kwa hiyo badala ya kushuka gatini wanakwenda kushuka Raskazone, kwenye mikoko na ukingo wa kupanda. Hapo ndipo vita vilipoanza kuharibika, kabla ya risasi ya kwanza. Wapigeni picha wale vijana wa Kihindi wakishuka, miguu inayumba kwa kukaa baharini, mizigo mgongoni, mbele yao kichaka wasichokijua. Muwatendee haki. Walikuwa wana wa watu kutoka Kashmir, Gwalior na Punjab na kusini ya India, na walioamua vita hawakuwauliza. Vikosi vya Kashmir na baadhi ya Waingereza walipenya mpaka mjini wakafika forodhani. Hawakuwa waoga.

Usiku wa tarehe 3, Lettow-Vorbeck anaingia Tanga kwa baiskeli kuangalia mji ulivyo. Kwa baiskeli, mjukuu wangu! Anapita mitaa mitupu, mbalamwezi inawaka, anakwenda mpaka karibu na Raskazone, anaona meli zimewasha taa zote kama harusi. Mji huu ambao watu wake bado wanajulikana kwa baiskeli, na hakuna aliyewahi kutuonyesha usiku ule. Hiyo ni dakika tatu za picha, haina risasi hata moja, na inataka watu wachache, baiskeli chache na mlio wa mnyororo.

Tarehe 4 ndiyo siku yenyewe. Alasiri watu wanapigana mitaani, nyumba kwa nyumba. Siku hiyo anauawa Tom von Prince, ambaye watu wetu walimwita Bwana Sakarani. Wenyeji wa Soni, kule Usambara, wanalijua jina hilo, maana shamba lake bado linaitwa hivyo. Alikuwa amepigana na Mkwawa miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa. Nakutajia huyu kwa sababu hapo ndipo picha yenu itakapopimwa. Askari Waafrika waliokuwa nyuma yake, Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani na wengineo, walipigana kwa ujasiri mkubwa siku ile, na walikuwa wakiitumikia serikali iliyoizima Majimaji kati ya 1905 na 1907. Msiwafanye mashujaa wa taifa, maana taifa halikuwapo. Msiwafanye wasaliti pia, maana wengi walikuwa na mshahara, mke na watoto waliofuatana nao kambini. Waonyesheni wanavyopika jioni. Mpeni mmoja wao mke anayemuuliza swali gumu. Kiswahili ndicho walichosemezana wao kwa wao, kwa hiyo hapo hamhitaji tafsiri, na hilo ni jambo ambalo Mzungu akija kutengeneza picha hii hatakuwa nalo.

Halafu usiku wa tarehe 4 kuamkia 5. Kwa kutoelewana juu ya amri, kombania za Kijerumani zilirudi nyuma, magharibi ya mji, na Tanga ikabaki wazi, haina mwenyewe. Waingereza hawakujua. Walikuwa Raskazone wakijiandaa kuondoka. Mji ambao watu wameuawa kwa ajili yake umelala hauna askari. Hapa mweke mkaazi mmoja, mwanamke wa Ngamiani au mvuvi, anayefungua mlango alfajiri na kusikiliza. Nakusihi usimwandikie maneno.

Tarehe 5 Waingereza walipanda meli. Waliacha bombom, mamia ya bunduki na risasi 600,000, ambazo Wajerumani walizitumia kuendeleza vita kwa muda mrefu. Kwa upande wao zaidi ya watu 800 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili waliuawa askari Waafrika hamsini na kitu na Wajerumani kama 15.

Nilisema nitarudi kwenye neno lako, vita vya Wazungu. Pembeni mwa picha hii wako wapagazi. Shughuli ya Tanga ilichukua siku nne, lakini vita vya Afrika Mashariki viliendelea mpaka Novemba 1918, na mizigo yote ile, risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, ilibebwa kichwani. Waingereza peke yao walichukua wapagazi kama milioni moja, na karibu laki moja wakafa, wengi kwa njaa, kuhara na homa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao. Kila siku watu wananunua nyanya juu ya jina lile. Kwa hiyo katika kila picha mtakayopiga, hata ikiwa ni jenerali anasoma ramani, pawepo mtu anayepita nyuma na mzigo. Asitazame kamera. Awe na mwendo wake, kitambaa chake kichwani, na nyinyi wenyewe mjue jina lake hata kama halitamkwi. Ukinifanyia hilo moja, makosa mengine yote nitayavumilia.

Msianze kupiga picha kabla hamjaitembea ardhi. Njooni Novemba, mvua za vuli zikianza, mpate jasho lilelile na matope yaleyale. Mkishuka stendi ya Kange njooni moja kwa moja Raskazone, maji yakiwa yamekupwa. Mimi nitakuwapo. Tutapanda ukingo, tutapita Bombo, tutavuka reli mpaka stesheni. Vaeni viatu imara, na mmoja wenu abebe kitu kizito kichwani toka mwanzo hadi mwisho wa njia, tuone anatembeaje akifika.